Siku Nilipopandisha Laptop Matombo

Laptop yangu ilianza kuchemka mwanzoni mwa masika, wakati nina kazi ya watu mezani. Mimi ni mhariri wa vitabu vya shule. Nafanyia kazi nyumbani, Morogoro mjini, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama mlima. Asubuhi hiyo niliandika sentensi nzima, nikainua mikono, na herufi zikaanza kutokea nikiwa nimeshamaliza, moja moja, kwa kusitasita. Feni ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga. Nikaweka kiganja chini yake, nikakitoa haraka.

Nilifanya yote ninayoyajua. Niliizima nikaiwasha. Nilifuta programu ambazo sikumbuki nilizipakua lini. Nilipitisha antivirusi, ikahangaika weee, mwisho ikasema hakuna kitu. Nikafungua lile dirisha linaloonyesha programu zipi zinafanya kazi, nikaona prosesa, ule ubongo wa mashine, imepanda mpaka mwisho na haishuki, na kinachoila ni kitu chenye jina refu la vifupisho ambalo halikuniambia lolote. Nikikisimamisha, kinatulia. Nikienda jikoni kuchemsha chai nikirudi, kimeshaamka tena.

Nikampigia shemeji.

Namwita shemeji kwa sababu alimwoa rafiki yangu. Miaka ile intaneti ilipokuwa bado kitu cha kupangia foleni, sisi watatu tulifanya kazi chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, mtaa wa maduka, hatua chache kutoka sokoni. Mwenye duka, mzee mmoja wa Kihindi ambaye familia yake ilikuwa hapo tangu enzi za babu yake, alinunua kompyuta zilizokwishatumika, akazipanga ukutani, akatundika kibao nje. Shemeji alikuwa fundi. Mimi nilikuwa nawachapia watu barua na maombi ya kazi. Rafiki yangu alikaa kaunta, anapokea wateja na kuwaambia muda wao umekwisha.

Ile kazi ya kaunta aliipenda kuliko sisi tulivyopenda zetu. Wanachuo walikuwa wanamwogopa na kumpenda kwa pamoja. Akisema, "Kaka, namba tatu, muda," mtu anainuka hata kama barua pepe ameifikisha katikati. Lakini akija mama wa makamo kusoma ujumbe wa mwanawe aliye ng'ambo, rafiki yangu alikuwa anaisahau saa kwa makusudi. Anavuta kiti, anamsomea, anamrudia pale mama anapotaka arudiwe. Na alikuwa na kicheko ambacho kilivuka pazia hadi dukani kwenye vitambaa. Mzee wa duka alikuwa anauliza kutoka huko, "Nini tena leo?" kisha naye anacheka bila kujua anachekea nini.

Alifariki kwa ugonjwa wa ghafla, binti yao akiwa hajaanza hata shule. Baadaye simu za mkononi zikaleta intaneti mfukoni mwa kila mtu, chumba chetu kikafungwa. Shemeji akarudi kwao Matombo, kwenye shamba la ukoo wa mama yake, akalima ndizi na pilipili manga. Kompyuta aliendelea kuzitengeneza, za walimu na za misheni, kwa kupenda tu.

"Shemeji, za huko?" nilimwambia kwenye simu.

"Za huku njema. Mvua tu. Za mjini?"

"Za mjini ni laptop. Inataka kuungua mikononi mwangu."

Akacheka. "Umeisafisha feni lini?"

"Kwani feni inasafishwa?"

"Basi njoo nayo. Kukuelekeza kwa simu siwezi, mtandao wa huku ni mpaka nipande juu kwa jirani. Na mama anakuulizia kila siku."

Niliizungushia khanga mbili, nikaipakata, nikapata lifti kwenye gari la mwalimu mmoja aliyekuwa anarudi Mkuyuni. Kutoka hapo nilimalizia na pikipiki. Barabara ilikuwa tope, na kila tulipoteleza nilikuwa naikumbatia ile laptop kama mtoto mchanga, mpaka dereva akaniuliza kama nimebeba mayai.

Mama yake alikuwa barazani anachambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mjini hamli?" Aliivuta sauti ya neno la mwisho, ule mvuto wa Kiluguru ambao nikiusikia popote najua nimefika milimani.

Shemeji alisafisha meza, akatandika gazeti, akaigeuza laptop kifudifudi. Kumwona ameinama na bisibisi ndogo, miwani imeshuka puani, nilihisi niko tena chumba cha nyuma, na kwamba nikigeuka nitamkuta mwenzetu kaunta. Mikono ilikuwa ileile, ila sasa ina sugu za jembe. Alifungua kifuniko, akatoa vumbi limeshikana kama sufi.

"Tazama. Hapa ungeweza kushonea mto."

Alisafisha kwa brashi, akapuliza, akafunga. Tukaiwasha. Kwa muda ilikaa kimya, nikaanza kumshukuru. Kisha feni ikaanza tena, taratibu, ikapanda, ikalia vilevile.

Hakukasirika. Nilimwona anafurahi, kama zamani alipoletewa mashine iliyowashinda wengine. "Hili si vumbi peke yake," alisema. "Hii kuna kazi inafanya, shemeji. Kuna kazi imepewa."

"Na nani? Mimi sijaipa kazi yoyote."

"Tutamjua."

Alifungua dirisha moja baada ya jingine, vitu ambavyo mimi sijawahi kuvigusa, mpaka akafika mahali panapoonyesha ni faili gani zinasomwa muda huohuo. Majina yalikuwa yanapita mbio. Akasogeza miwani.

"Picha za duka," alisoma. "Ndiyo nini hii?"

Hapo nikakumbuka. Chumba chetu kilipofungwa, mzee wa duka alituambia tuchukue tunachotaka. Mimi nilichukua diski ya kompyuta iliyokuwa na picha. Tulikuwa tunapiga picha za pasipoti kwa kamera ya dijitali, na za mwanzo kabisa zilikuwa humo. Ile diski ilikaa kabatini miaka yote hiyo. Kabla ya mvua kuanza nilipokuwa napanga kabati nikaogopa itaoza, nikaihamishia yote kwenye laptop. Nikafungua mara moja kuona kama zimehamia, nikaona sura za wateja ambao siwakumbuki, nikafunga.

Nilipomweleza, shemeji alijipiga paja. "Basi ndiyo hiyo! Ulipofungua, programu ya picha ikaanza kuzipitia zote. Inatafuta nyuso. Kila uso inaoupata inaulinganisha na nyingine, inaziweka zinazofanana pamoja. Na hizi ni maelfu. Kamashine kadogo kama haka, kwa nini kasilie?" Akasogeza kishale. "Nakwenda kuizima hiyo habari ya nyuso, shida yako imekwisha."

Ili kuizima ilibidi aifungue kwanza ile programu. Ukatokea ukurasa wa duara duara, kila duara na uso wa mtu. Wengi walikuwa na picha moja au mbili. Mwanachuo mwenye tai ya kuazima. Shehe wa msikiti wa jirani. Mama mmoja aliyenyoosha shingo kama anapimwa homa. Na juu kabisa, duara la kwanza, lenye picha nyingi kuliko zote, lilikuwa na uso mdogo usioonekana vizuri, umegeuka upande, unacheka.

Mkono wa shemeji ukasimama.

"Huyu si..." alisema.

Alikuwa mkewe.

Inabidi nieleze kwa nini hatukutegemea. Rafiki yangu hakupenda kupigwa picha. Ukiinua kamera, anainua khanga. Shemeji alikuwa na picha yake ya harusi, ambayo amekaza uso kama yuko mahakamani, na ile ya kitambulisho ambayo ndiyo tuliikuza siku ya msiba. Nyingine hatukuwa nazo, na tulishazoea kwamba hatuna.

Lakini wateja wetu tulikuwa tunawapiga picha mbele ya shuka jeupe, na lile shuka halikutosha ukuta. Pembeni yake palibaki nafasi, na katika ile nafasi kaunta ilikuwa inaonekana. Kabla ya kuchapa tulikuwa tunakata, tunabakiza kichwa cha mteja, kwa hiyo hakuna aliyewahi kutazama yaliyoko pembeni. Kwenye diski picha zilikuwa nzima. Na pembeni, nyuma ya bega la huyu na sikio la yule, alikuwa amekaa yeye, hajui kama anapigwa.

Shemeji aligusa lile duara, zikafunguka. Rafiki yangu anakula muhindi. Rafiki yangu ameshika shavu anamsikiliza mama mmoja. Amelala, kichwa kwenye mkono, mchana wa joto. Anamnyooshea mtu kidole, na hapo nilisikia kabisa sauti yake, "Namba tatu, muda." Ana mimba kubwa, mguu mmoja kaupandisha kwenye kiti. Anacheka. Anacheka. Anacheka, na mimi niko pale kando yake, msichana mwembamba nisiyemjua, nimemwegemea bega.

Shemeji alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Naona bado inatafuta," nilimwambia baadaye. "Izime tu, hizi tumeshaziona."

"Usiizime," alisema. "Iache imalize."

"Itaungua, shemeji."

"Haiungui. Tuiinulie chini ipate hewa."

Akaleta vipande viwili vya mbao, akaviweka chini ya laptop. Tukakaa kuisubiri. Mama akatuletea chai ya mchaichai na ndizi za kuchemsha, akauliza tunatazama nini kama watu wanaongoja mgonjwa. Shemeji akamwonyesha. Mama alisogeza uso mpaka karibu kugusa kioo.

"Mkwe wangu," alisema. "Hicho kitenge nilimpa mimi alipokuja kunisalimia mara ya kwanza. Kumbe alikivaa hata kazini." Akakaa nasi, mchicha akausahau.

Mvua ilinyesha ikapita, feni inalia tu, na kila baada ya muda picha nyingine inaongezeka kwenye lile duara. Ile kelele iliyonitoa mjini na roho juu, sasa niliogopa isije ikanyamaza mapema. Chini ya duara palikuwa na nafasi ya kuandika jina. Shemeji aliweka kidole kwenye herufi, akakaa nacho. Nilidhani ataandika jina tulilomwita sote, au mama fulani, kwa jina la mtoto. Aliandika jina jingine kabisa, ambalo sikuwahi kulisikia.

"La nyumbani kwao," alisema. "Tulipokuwa wawili nilimwita hivyo."

Jioni ilipokaribia akapiga picha kioo kwa simu, akachagua chache, tukapanda kwa jirani kwenye mtandao. Akamtumia binti yao anayesoma chuo Dodoma. Hatukukaa sana, simu ikaita, akaiweka spika.

"Shikamoo, baba. Hizi umezitoa wapi?"

"Marahaba. Kwenye mashine ya mama yako mdogo. Yuko hapa."

"Baba, huyu anayecheka... Mama alikuwa anacheka hivi? Mdomo wote wazi?"

"Hivyohivyo. Mpaka dukani walikuwa wanasikia."

Shemeji akaitazama simu. Nikadhani mtandao umekatika.

"Mimi nacheka hivi," binti alisema. "Wenzangu hosteli wananitania. Nilikuwa nafikiri nimerithi kwa shangazi."

Shemeji akanipa simu, akasogea pembeni, akawa anatazama migomba.

Tuliporudi, laptop ilikuwa imemaliza. Imepoa, feni haisikiki, na prosesa imeshuka kama haijawahi kupanda. Nilifungua kazi yangu kujaribu, herufi zikaja zote kwa wakati wake. Shemeji alinakili zile picha kwenye flashi, akaifunga kwenye kitambaa na kuitia mfuko wa shati. Kesho yake niliteremka na mkungu wa ndizi, na kitabu cha watu nikakikabidhi kwa kuchelewa kidogo.

Likizo ilipofika, binti alishukia kwangu kabla ya kupanda Matombo. Nilimpeleka mtaa wa maduka kumwonyesha mahali penyewe. Mzee alishafariki, mjukuu wake anauza vifaa vya simu, na chumba cha nyuma ni stoo. Alituruhusu tuchungulie. Palikuwa na maboksi mpaka dari, na ukuta umepakwa rangi nyingine.

Nyumbani alikaa mezani kwangu, akafungua picha moja baada ya nyingine, ananiuliza. Huyu mama aliyekuwa anasomewa barua ni nani? Mwanawe alirudi? Mama alikuwa anamwambia nini hapa? Mengine nilikumbuka, mengine nilimwambia kweli kwamba sijui. Tulipofika ile ya kaunta nikamwigizia, kidole juu, sauti ile ya kuamuru, "Kaka, namba tatu, muda." Akacheka mdomo wote wazi, na jirani yangu akauliza kutoka uani kuna nini.