Komwe za Maji

Siku baba alipomwaga komwe za bao mkekani tulikuwapo sita, na wote nawakumbuka. Alikuwapo baba yangu Bakari, aliyekuwa amepata kazi ya kupakia mkonge bandarini Tanga. Alikuwapo mama yangu Mwanamkuu, na mdogo wangu Athumani akinyonya mapajani mwake. Alikuwapo Bibi Mwanahawa, mama yake baba, na Bi Zaina, dada yake baba, aliyeolewa mjini na akaja kijijini kwetu Kigombe kutueleza mji ulivyo. Wa sita ni mimi, Mwanaidi, meno ya mbele sina. Ukumbi ulinuka moshi wa vifuu na mafuta ya nazi ya Bibi.

Mambo yalianzia kwa Bi Zaina. Alisema kule Makorora, mtaa wa Tanga tulikopata chumba cha kuhamia, hakuna kuokota kuni, makaa hununuliwa, na maji hununuliwa bombani kwa debe. Mama akacheka. "Wifi, maji ya Mungu yauzwe?" Bi Zaina akamjibu, "Hata ya kutawadha, mama. Mjini ukinawa uso unanawa na pesa." Baba hakucheka. Akasema maji usiyoyafika hujui kina chake, basi tupime kwanza. Kwa siku saba, kila debe litakalotuliwa nyumbani, Mwanaidi atie komwe moja ndani ya kifuu. Zisipozidi thelathini, twende sote. Zikizidi, Mwanaidi abaki kwa jirani mpaka mambo yakae sawa. Nilimjua mtoto aliyeachwa hivyo. Aliolewa mambo hayajakaa sawa.

Sikulala vizuri wiki ile. Mama akitua debe, natia komwe. Jioni, watu wakienda kuswali, natoa moja naitupa kisimani. Kila siku moja, sikuthubutu mbili. Madebe yalikuwa sita kwa siku, wala sijakosea, maana nilikuwa nikimfuata mama njia nzima. Shule sikuwa nimeiona, lakini kwa vidole vyangu na vya Athumani nilijua kwamba hata nikiiba, komwe bado ni nyingi mno. Nikawa naaga kuku.

Baba akamwaga, akahesabu, akarudia. Ishirini na nane. Akasema alhamdulillahi, twende sote. Mama akamtazama Bi Zaina kama aliyeshinda kesi. Mimi nilibaki nimekodoa macho. Zangu nilizotoa ni saba, na zilizopungua ni mara mbili yake. Nilidhani labda panya wanakula komwe. Nilidhani labda shetani wa kisimani amenisaidia, na siku moja atakuja kudai.

Tulipohamia Makorora, hesabu ile ilikuwa kichekesho. Wiki haijaisha, maji ya wiki yameisha. Baba alizungusha kidole hewani akizidisha na kugawanya, wala haikukaa. "Tulipima au hatukupima?" Mama akaapa tulipima. Bi Zaina alipokuja akauliza, "Kwani Kigombe mlikuwa mkikoga wapi?" Tulikoga kisimani, nguo tulifulia kisimani, na Bibi alitawadha huko huko kisimani. Maji hayo hayakupata kupanda debe, basi hayakupata komwe. Nikashukuru kupata mwenzangu wa kulaumiwa, nao ni ujinga wetu sote. Lakini baba akaanza tena kunitazama, na neno jirani likarudi mdomoni mwake.

Bibi ndiye aliyefunga mzigo. "Maji yenu ya chuma siyawezi," alisema. "Nikitawadha mara tano mtakunywa nini?" Baba alimsihi, na sauti yake haikuwa na nguvu. Nilimsindikiza Bibi mpaka lilipo lori la Pangani. Alinivuta karibu kama anayenitania, maana aliniita mke mwenzake siku zote, akafungua pindo la kanga. Zilikuwamo komwe. "Zangu hizi hapa, mke mwenzangu," akasema. "Zako uliziweka wapi?" Lori likaondoka.

Juzi mjukuu wangu amehamia Dodoma, akanipigia simu kuuliza umeme na maji vitamla kiasi gani kwa mwezi. Mwenyewe siku hizi nanunua umeme kwa tarakimu ndefu ambazo hunibonyezea mtoto wa jirani, na kila mara unaisha nisipotazamia. Nilimwambia apime wiki moja, kisha aongeze, kwa sababu katika kila nyumba yupo anayepunguza hesabu kwa kupenda. Hakunielewa. Alisema, "Shikamoo bibi, nitakupigia baadaye."

Sasa kama yupo mtoto wa Bi Zaina, au mtu yeyote wa Kigombe anayezijua habari hizi, naomba anisahihishe. Pengine madebe hayakuwa sita. Pengine Bibi alikwisha kusudia kurudi kwake tangu mwanzo. Nikiambiwa nimekosea sitakasirika. Nitafurahi kujua kwamba si komwe zangu zilizompandisha lori.