Siku Baba Alipomshika Mkwe Wake

Harufu ya mafuta ya ndege, ikichanganyika na vumbi na majani yaliyoungua, hunirudisha kwenye kiangazi kimoja cha Sitalike. Baba yangu, Msukuma aliyekulia kwenye ng'ombe, alikuwa amepata kazi katika kiwanja kidogo cha ndege pembeni ya hifadhi. Kabla ndege haijatua alifukuza swala na ngiri kwenye njia yake ya kutua, na ikishatua aliwaongoza abiria wapite upande wa mkia. Wazee aliwashika mkono mpaka mwisho. Sisi watoto alituweka nyuma ya kamba. "Pangaboi la mbele likizunguka halionekani," alituambia. "Mtadhani ni hewa tupu. Nyie kaeni hapo hapo." Tukakaa, tumeshikilia sketi zetu zisipeperuke, tukicheka na vumbi kwenye meno.

Kiangazi hicho bibi yangu mzaa mama, mkulima wa mpunga wa Usevya, aliletwa kwa ndege kutoka Tabora alikopasuliwa jicho. Mama na mimi tulikwenda kumpokea. Bibi na baba walikuwa hawajawahi kupeana mikono tangu ndoa, maana kwetu mtu hamgusi mama mkwe wake. Walisalimiana kwa mbali, baba akitazama pembeni na bibi akiinamisha uso. Kwa hiyo siku ile bibi aliposhuka, baba hakumshika mkono kama wazee wengine. Alichukua begi lake, akaonyesha njia ya mkiani na kutangulia, akiamini bibi yuko nyuma yake.

Rubani, kijana mmoja, alikuwa na haraka, hakuzima injini. Lakini bibi hakuwahi kushuka kwenye chombo bila kumshukuru aliyekiendesha. Alikaza kanga yake kiunoni, akageuka kuelekea dirisha la rubani, mkono ameunyoosha na uso umejaa tabasamu. Nilipiga kelele, injini ikaimeza sauti yangu. Mama aliniminya bega mpaka nikaumia. Hapo ndipo baba alipogeuka na kuona hakuna mtu nyuma yake. Alitupa begi, akakimbia, akamkumbatia bibi kiunoni kwa mikono yote miwili na kumvuta nyuma. Wakaanguka pamoja vumbini.

Rubani akazima injini. Pangaboi likapunguza mwendo, na mapanga yake yakaanza kujitokeza moja moja pale ambapo hapakuwa na kitu. Kilemba cha bibi kilikuwa kimelala chini ya pangaboi. Baba aliinuka upesi, akasogea mbali, akachutama na kutazama pembeni.

"Mama, nisamehe. Nimekugusa."

Bibi alikuwa akiyatazama yale mapanga. "Hiki kitu kilikuwa hapa muda wote?"

"Kilikuwepo, mama."

"Na wewe ukaogopa kunishika mkono. Ulitaka kuniheshimu mpaka nife?" Kisha akamnyooshea mkono. "Njoo uniinue."

Baba akamwinua. Mama akacheka huku machozi yanamtoka, mimi nikacheka kwa kumwona mama. Bibi alijipangusa vumbi, akaenda kwa rubani na kumsalimia kwa kirefu, akimuulizia mke wake na watoto wake wote, na yule kijana akasahau haraka yake. Jioni baba alileta kuku wa kuomba radhi, ili mambo yaishe kwa desturi. Bibi alimpokea kuku huyo, akampika, akaamuru baba ale naye kwenye mkeka mmoja. Kuanzia hapo waliendelea kusalimiana kwa mbali, ila umbali wenyewe ulikuwa hatua mbili tu.

Siku hizi naishi Mpanda. Uwanja wetu wa ndege una uzio, abiria hushuka injini zimeshazimwa, na watoto wangu huiona ndege kama basi tu. Mama yangu akija kwa ndege, mume wangu humkumbatia pale pale mlangoni mwa uwanja na kumpokea begi, nao huondoka wameshikana mikono wakipiga soga. Wanangu hawaoni ajabu yoyote. Mimi hubaki nyuma kidogo, nikiwatazama hadi wafike kwenye gari.