Mng'ao wa Msanii

Mtaani walimwita Msanii, naye hakuwahi kugundua kwamba wanamkejeli. Alipiga picha nyeusi na nyeupe tangu ujana, na tangu ujana aliwapima watu kwa karatasi waliyochagua. Aliyetaka isiyong'aa alikuwa mshamba. Aliyetaka ile yenye vijipele alikuwa mshamba aliyewahi kusafiri. Yeye alijua mng'ao tu: picha mbichi ibandikwe kwenye bati la kromu lenye moto, ikauke, ibanduke iking'aa mpaka nzi ateleze.

Basi mkuu wa ukumbi mpya wa mji akatangaza kwamba atachagua kazi za mpiga picha mmoja zitundikwe pale daima. Msanii akaona ameshaagana na kupiga picha za harusi na za watoto wanaolia. Mkewe, aliyeosha picha pamoja naye miaka yote, akaenda kuutazama ukumbi, akarudi hana raha.

"Baba watoto, kule ni madirisha matupu. Safari hii tumia isiyong'aa."

"Weusi wake ni majivu. Mimi siuzi majivu."

"Akili za kuambiwa, changanya na zako."

"Zangu zinatosha."

Sikio la kufa halisikii dawa. Siku ya maonyesho ukuta mmoja ulipewa mpiga picha mwingine, aliyeleta isiyong'aa; picha za Msanii zilitundikwa bila hata vioo, maana kioo kingeuficha mng'ao, na jua likaingia lote. Wageni walisimama mbele ya kila picha wakikaza macho. Mama mmoja akainamia picha ya kinyozi, akafunga upya kitambaa chake cha kichwa. Kijana mmoja akachana ndevu.

"Unaona wanavyozama?" Msanii akamnong'oneza mkewe. Mkewe akatazama sakafu. Alimwonea aibu, na hasira pia.

Mkuu wa ukumbi alikawia kwenye picha kubwa kuliko zote, ya mgongo wa mchukuzi usiku. Akasogea, akafunua meno, akatoa kipande cha mboga kwa ukucha, akaweka tai sawa. Msanii alikuwa nyuma yake.

"Fundi, ukumbini tutaweka za yule mwenzako," mkuu alisema. "Lakini hii naitaka. Msalani, pale juu ya sinki, hatujapata kioo."

Mkewe akamshika mkono ili waondoke. Msanii akautoa mkono wake taratibu, akauliza pale kwenye sinki kuna taa ya namna gani.