Mkandaji Asiyeuliza

Juzi nilikuwa kwenye chumba cha kukandwa hapa Moshi mjini, nasubiri zamu ya mgongo wangu. Kitandani alikuwepo mpagazi wa Marangu aliyeshuka mlimani jana yake, mguu mmoja umevimba na una moto. Mkandaji akamwaga mafuta.

"Kijana, huulizi mguu umeanzaje kuvimba?" mpagazi akasema.

"Mzee, hapa tunakanda, hatuhoji. Lala."

Mpagazi akakunjua suruali, akavaa kiatu. "Sisi kwenye geti la mlima hata begi la mgeni linapimwa kabla hatujalibeba. Naenda hospitali."

Mkandaji akanigeukia, mikono inang'aa mafuta. "Haya, wewe lala."

Mtaalamu huyo, mwenye cheti ukutani, hakuuliza hata naumwa wapi. Nikatoka na mgongo wangu, unauma vilevile, lakini haujaharibiwa.