Stirio ya Nyumba Mbili

Mwaka ule redio ilikuwa inahubiri usawa kila jioni, na mtu pekee kijijini kwetu, huku Bunda, aliyeyachukua mahubiri yale neno kwa neno alikuwa Mwikwabe, mkulima wa pamba mwenye wake wawili na redio moja. Hapo ndipo ujamaa ulipomshinda. Redio ilizoea kulala kwa Justina, mke mdogo, mpaka Dorkas, mke mkubwa, akafunga nguo zake ndani ya kanga.

"Baba Mniko, mimi narudi kwetu Butiama. Huko nilikuwaga nasikiliza ndege, na wenyewe hawabaguagi nyumba."

Mwikwabe akamsihi angoje kidogo. Akauza dume la ng'ombe, akapanda basi la Musoma, akaenda moja kwa moja kwa Leodgar, fundi redio wa Kitaji.

"Fundi, nataka muziki unaokaa nyumba mbili kwa mara moja."

Leodgar akamtolea gramafoni ya stirio: mashine moja ya betri, nyaya mbili, spika mbili. Mwikwabe aliizunguka kama anayechagua maksai wa kulimia. Akagonga mbao, akanusa waya, akataka kuingiza kidole kwenye spika mpaka fundi akamchapa mkono. Sauti inajuaje njia? Inapitaje kwenye waya bila kumwagika? Waya ukikata kona, wimbo unachelewa?

"Basi hiyo kubwa iliyoko juu ni ya Mama Mniko," akasema, akionyesha spika nyingine rafuni. "Mdogo atachukua hii ndogo."

"Haziendani, mzee. Hiyo inataka mashine yenye nguvu zaidi. Ukizichanganya, moja itaimba, nyingine itakoroma. Lazima zilingane."

"Zilingane? Wewe umewahi kuwa na wake wawili?"

"Nina mmoja, na ananishinda."

Wakamaliza kihuni: spika mbili sawasawa, ila ya Dorkas ikatiwa kwenye boksi la mbao kubwa kama kabati. Ndani usawa, nje cheo. Nimeona ofisi nyingi zikiendeshwa hivyo hivyo.

Nyumbani, Mwikwabe aliweka mashine kibandani kwake, akavuta waya mmoja hadi kwa Dorkas na mwingine ng'ambo ya uwanja, kwa Justina. Majirani wakajaa. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kuchunguza kama huu si ubepari, akaombwa asubiri wimbo, akasubiri. Mwikwabe akashusha sindano juu ya santuri ya dansi.

Dorkas akachomoka mlangoni. "Baba Mniko! Nyimbo yangu haina mtu! Ni ngoma na magitaa tu!"

"Mtu yuko huku, mama mkubwa," Justina akapaza sauti, "lakini anaimba peke yake kama mgonjwa!"

Ndivyo santuri ile ilivyotengenezwa: vyombo spika hii, mwimbaji spika ile. Leodgar hakusema, kwa sababu alikuwa hajawahi kupata mteja wa kuitandaza stirio uwanja mzima. Dorkas akavuka kwenda kwa Justina kuhakikisha, Justina akavuka kwenda kwa Dorkas, na kila mmoja akatoka ameamini kwamba mwenzake ndiye aliyependelewa.

"Sasa naondoka kweli," Dorkas akasema.

Akaingia ndani, akatoka na mzigo kichwani. Lakini alipofika katikati ya uwanja, karibu na jiwe la kusagia, Dorkas akasimama. Akarudi nyuma kidogo. Akasogea tena mbele. Mwimbaji alikuwa anamwingia sikio moja, magitaa sikio la pili, na wote wanakutana chini ya ule mzigo.

Akautua. Akaukalia.

"Mama Mniko, huendi?"

"Nyamaza, gitaa linaingia."

Justina akaja polepole na kigoda chake. Dorkas alimtazama, akasonya, kisha akasogea na mzigo wake, akamwachia nafasi.

Wimbo ukaisha. Mwikwabe akainua sindano, akabaki ameishika hewani.

"Unashangaa nini, Baba Mniko?" Dorkas akasema. "Geuza upande wa pili."