Nyumba ya Tembea-na-Jua

Mwanangu, siku nitakayokusimulia ni ya zamani za Mwingereza, nami naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa karani bomani Tabora, kaptula imenyooka kwa pasi ya mkaa, kalamu mfukoni, maringo tele. Asubuhi hiyo baba alinifuata kazini pamoja na rafiki yake, Mzee Maganga. Niliwakuta wamekaa barazani na watu wengine wenye mashauri yao.

Kwanza umjue baba. Jina lake la kuzaliwa ni Kasele bin Ndaki. Ujanani alikuwa mpagazi, akibeba mizigo kutoka huku Unyanyembe mpaka pwani na kurudi, kabla ya reli. Wapagazi wetu wa Kinyamwezi walikuwa na desturi: ukiingia njiani, unaliacha jina la nyumbani na kujipa jina la safari. La baba lilikuwa Tembea-na-Jua. Reli ilipowanyang'anya kazi, alivuka Ziwa Tanganyika, akakaa Kongo ya Wabelgiji miaka mingi akiuza mawese. Huko alijenga nyumba ya matofali, akaoa mke wa pili, akamzaa Kalunde, dada yangu. Kule hakuna aliyemjua Kasele. Hata hati ya nyumba iliandikwa Tembea-na-Jua, na baba hakuona kosa. Afya ilipomharibikia, alirudi Tabora kujiuguza kwa mama yangu.

Niliwaamkia shikamoo huku nikigeuka nyuma kuona kama wenzangu wananitazama.

"Marahaba, Petro," baba akasema. "Tuandikie barua, mwanangu. Sema Kasele na Tembea-na-Jua ni mtu mmoja, na kwamba nyumba ya ng'ambo ni ya Kalunde na mama yake. Bwana mkubwa apige muhuri. Maganga ni shahidi, tumebeba mizigo pamoja, anayajua majina yangu yote mawili. Kule mimi ni mgeni, na mgeni akifa mali yake huulizwa maswali."

Ilikuwa kazi ya karatasi moja na alama mbili za dole gumba. Lakini nilikwisha kuwaambia makarani wenzangu kwamba baba yangu ni tajiri wa Kongo. Leo nisimame mbele yao nisome, "Tembea-na-Jua, mpagazi"? Niliona watanicheka mpaka nizeeke. Basi nikasema bwana mkubwa ana kazi nyingi, waje wiki ijayo.

Mzee Maganga aliwatazama makarani wenzangu, kisha akanigeukia. "Hilo jina unaloliona haya," akasema, "ndilo lililokuvisha hiyo kaptula." Kisha akamshika baba mkono, wakaenda zao taratibu.

Walirudi wiki iliyofuata, nikawapiga kalenda tena. Mara ya tatu hawakuja. Mzee Maganga alikuwa kitandani na kichomi, na hakuinuka. Kabla ya mvua za kwanza baba naye alizidiwa. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Ile barua je?" Nikamjibu, "Tayari, baba." Ndiyo, nilimdanganya baba yangu akiwa anakata roho, na akashukuru.

Haukupita muda, ikaja barua kutoka ng'ambo. Ilitoka kwa mama yake Kalunde, kwa mkono wa mwalimu wa shule. Serikali ya kule imesikia mwenye nyumba amekufa, na kwa kuwa ni mgeni asiyejulikana warithi wake, imewapa miezi mitatu walete uthibitisho kutoka kwao marehemu. Mwisho aliandika: "Kalunde anasema kaka yake yuko serikalini, hatutapata shida."

Sasa haya zote zilinitoka. Nilikwenda kwa bwana mkubwa, nikamweleza yote mbele ya wale wenzangu, na wala hakuna aliyecheka. Alifungua daftari la walipa kodi. Kasele bin Ndaki yumo, amekufa. Tembea-na-Jua hayumo, wala hajapata kuwamo.

"Nani anajua kuwa ni mtu mmoja?" akauliza.

"Mimi, bwana."

"Wewe ni mwanawe. Lete mtu mwingine asiye ndugu."

Nilipanda baiskeli nikawatafuta wapagazi wa zamani, kuanzia mtaa wa Chemchem mpaka vijiji vya Sikonge. Nilioneshwa makaburi. Mmoja tu nilimkuta hai, kipofu, akichonga mizinga ya nyuki kwa kupapasa. Nilipolitaja jina alicheka kwa furaha. "Tembea-na-Jua? Nimewajua watatu. Wako ni yupi?" Nikapanda tena baiskeli yangu, maana safari za baba sikuwahi kumuuliza.

Miezi mitatu ikaisha. Niliomba likizo, nikapanda treni mpaka Kigoma, nikavuka ziwa. Nyumba niliikuta imefungwa kwa kufuli la serikali. Juu ya mlango baba alikuwa amechongesha jina la Tembea-na-Jua kwa herufi kubwa, kila mpita njia alisome. Jirani aliniambia mama na binti waliondoka kwa miguu na mikeka yao kwenda kwa ndugu wa mama, bara ya mbali, hakujua wapi. Kabla ya kuondoka, Kalunde alishinda kizingitini siku mbili akimngoja kaka yake. Nilikaa palepale alipokaa yeye, nikalia. Nilimtafuta miaka mingi, sikumpata.

Mkataa kwao mtumwa, mwanangu, lakini kiburi kilikuwa changu, na utumwa ukamwangukia dada yangu. Ukiwa na mali nchi ya watu, iandikie hati ungali unapumua. Andika jina wanalokuita kule na wanalokuita nyumbani katika karatasi moja, nakala moja ibaki huku na nyingine kule. Usiwaahirishe mashahidi, nao hufa. Na wazazi wako waulize walipopita, hata kama simulizi ni ndefu na wewe una haraka.

Wasia wangu nimekwisha kuuandika. Nusu ya shamba la Sikonge ni ya Kalunde binti Kasele, naye ni binti Tembea-na-Jua. Akija mgeni, yeye au kizazi chake, akalitaja jina hilo, usimdai karatasi. Mpe maji, mpe kiti, umwambie kaka yake alichelewa. Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, na akujalie uwe wewe utakayemfungulia mlango.