Bunju wa Ukutani

Ipo siku ninayoikumbuka kwa harufu yake, mwanangu: harufu ya nazi iliyoungua.

Nilikuwa msichana, nikifanya kazi kwenye banda la kukaushia mbata, yaani nyama ya nazi, upande wa Zinga. Kwa kupasua nazi sikuwa na mpinzani, na sijisifu bure. Msimamizi wetu, Bi Tatu, hakujua kalamu, lakini mkaa aliujua. Ukiwa na tabia mbovu hakugombezi, anakuchora ukutani. Mwenzetu Mize, kwa maneno yake mengi, alichorwa kuku anayetangaza yai asilolitaga. Mtegaji mmoja wa kazi alichorwa kaa, macho nje, mwili shimoni. Tukicheka mpaka tukae chini, na aliyechorwa akijirekebisha.

Siku moja akachora bunju, yule samaki ukimgusa anajaa upepo.

"Huyu nani, Bi Tatu?" nikauliza.

"Mguse tumjue," Mize akadakia.

Nikavimba pale pale, nao wakazidi kucheka. Siku tatu sikumwamkia mtu. Toka hapo hakuna aliyenielekeza tena. Nikadhani wameniogopa, nikafurahi, mpumbavu mimi.

Ikafika zamu yangu ya moto. Chini ya chanja ya kuanikia mbata hutiwa makumbi ya nazi, yafuke polepole. Mimi nikatia vifuu vikavu, magamba magumu ya nazi yenye moto mkali, nimalize mapema. Mize aliniona. Akafungua kinywa, akakifumba. Baadaye aliniambia huku akilia, "Niliogopa utavimba, dada."

Mafuta ya mbata yakadondokea motoni, chanja ikashika, na mimi nimo ndani. Bi Tatu ndiye aliyeingia kunitoa. Mikono yake iliungua, vidole vikagandana. Hakushika mkaa tena mpaka anakufa. Banda zima liliteketea, ukasalia ukuta mmoja, na bunju wangu juu yake.

Nilikwenda kumtaka radhi.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Sasa nikikwambia, utasikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Mwanangu, sikio la kufa halisikii dawa. Huko kazini uendako wakikuchora, cheka nao, kisha nenda ukajitazame. Wakinyamaza usidhani umekamilika. Huenda wamechoka kukugusa. Na wewe ukimwona mwenzio anatia vifuu, sema, hata akivimba apasuke.

Mola akujaalie watu wa kukukosoa, na moyo wa kuwasikia kabla moshi haujageuka moto. Amin.